Jamaa wa Njia

Zimwi likujualo ndilo litakalokula likumalize. Lisilokujua lina shughuli zake, litakunusa, litapita. Waliosema kinyume cha hayo hawakuishi Mtaa wa Karafuu, mahali ambapo mlango wenyewe unakujua kwa sauti, unajua umeamka vipi, na unajua ni nani aliyekuitikia.

Mimi nilijulikana na milango kuliko nilivyojulikana na watu.

Kila asubuhi nilishuka kichochoro kwenda kazini, kwenye ghala la baridi lililo chini ya reli ya juu, na kila asubuhi niliwapita watu walewale. Kulikuwa na mwanamume aliyepiga mswaki getini kana kwamba ana ugomvi na meno yake. Kulikuwa na mama wa ndoo nyekundu. Kulikuwa na dada aliyevaa viatu vya shule ingawa umri wa shule ulishampa mgongo. Sikujua jina la hata mmoja wao, nao hawakulijua langu.

"Za asubuhi?"

"Salama. Mvua hiyo."

"Inakuja."

Basi. Nilikuwa nikifika ghalani nimeshamaliza maneno yangu ya siku.

Juu ya mlango wa kila anayeishi peke yake palikuwa na kiitikio, kidude cha shaba chenye ukubwa wa kifuniko cha soda na tundu dogo la kusikilizia. Karibu kila mlango ulikuwa nacho, maana karibu kila mtu aliishi peke yake. Ukisalimia, mwenye nyumba akaitikia, kidude kinalia tiki, kama mdomo wa kuku ukidonoa debe. Maana yake mtu yu mzima na kuna aliyemsikia. Usiposikia tiki, endelea na safari yako; gari la wauguzi litakuja lenyewe, halihitaji uligongee.

Mlango wa mwisho kabla ya ngazi ulikuwa wa Mnyamwezi.

Sikuwahi kumwona uso. Dirisha lake lilikuwa na wavu wa mbu uliozeeka ukawa kijivu, na nyuma ya wavu nilizoea kuona kofia na mkono ulioshika kikombe. Tulijuana siku niliyoteleza pale kwenye ngazi nikatoa tusi la Kiluguru, na sauti ikatoka dirishani kabla sijainuka: "Njooni muone! Mluguru kaanguka! Kumbe hata kilima kinamkataa!" Nikajua huyu ni Mnyamwezi. Mwingine angethubutu vipi? Watu wa kwao walipita milimani kwetu na mizigo vichwani wakienda pwani, enzi za mababu, na tangu hapo sisi ni watani. Mtani anakutukana njiani, anachukua kuku wako mchana kweupe, na siku ya msiba wako ndiye anayewafanya watu wacheke kaburini. Humkasirikii. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Kwa hiyo pale hatukusema habari za asubuhi.

"Mwangaluka, Mluguru! Leo umeteremka na mguu upi, ule mrefu au ule mfupi?"

"Mrefu. Mfupi nimekuachia utafune, naona hujapika."

"Nipike nini? Ndizi zenu?"

"Hujafa tu, mzee?"

"Nife anibebe nani? Ninyi hamjui kubeba. Kazi ya kubeba ni yetu."

"Ndiyo maana vichwa vyenu vimekuwa bapa kama sinia."

Tiki.

Asubuhi ninayotaka kuisema ilikuwa na ukungu. Wavu wake ulikuwa umelowa na sikuona kofia. Nilisikia kikombe tu.

"Mtani," akasema, "leo nakufa."

"Kufa mapema basi. Wali wa matanga ukipoa hauliki."

Akacheka. Nami nikacheka. Kidude kikalia tiki, nikashuka ngazi.

*

Kazi yangu ghalani ilikuwa kugusa. Mikono ya mashine inabeba, inapanga, inapima uzito, lakini haijui kabichi iliyoanza kuoza moyoni huku nje ikiwa nzuri. Mimi naijua kwa vidole. Tatizo ni kwamba baridi ya ghala inakula vidole, na ifikapo katikati ya asubuhi ninakuwa nagusa kwa kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kugundua. Kabichi zangu hazikurudishwa.

Kipaza sauti cha ghala kiliita jina langu lote.

"Zamoyoni Mloka. Jamaa yako wa njia amefariki dunia. Pole."

"Mimi sina jamaa wa njia."

"Unao. Huyu ni Mihambo Kapalata."

"Simjui."

"Sauti yako ndiyo iliyosikika mara nyingi zaidi mlangoni pake. Kwa kanuni, wewe ndiye wa kwanza kuarifiwa, na mlango utafunguka kwa sauti yako."

Nilikuwa nimeisikia kanuni hiyo kama watu wanavyosikia matangazo ya chanjo. Zamani, kabla sijazaliwa, watu walikuwa wakikutwa wamekufa vyumbani mwao baada ya msimu mzima, na ndugu walikuwa mbali, au hawakuwepo. Wakubwa wakaketi wakaamua: mtu asiye na ndugu karibu ana watu anaosalimiana nao. Hao wahesabiwe. Yule ambaye sauti yake inasikika mlangoni kwako kila siku, hata kama hamjawahi kukaa mkala pamoja, kisheria ni jamaa yako wa njia. Ana haki ya kuarifiwa na kuzika. Ana wajibu pia, ila hiyo sehemu matangazo huisema harakaharaka.

"Anaishi wapi huyo Kapalata?" nikauliza.

"Mlango wa mwisho kabla ya ngazi."

Nilikuwa nimeshika kabichi. Nikaiweka chini, nikaichukua tena, nikaibonyeza. Ilikuwa nzuri. Nikaiweka kwenye nzuri.

Nilipofika, mama wa ndoo nyekundu alikuwa amesimama nje bila ndoo. Bila ndoo alionekana mfupi.

"Mimi ndiye niliyeona wavu haujafunuliwa hadi mchana," akasema. "Nikasalimia, kimya. Nikasalimia tena. Gari likaja, wakachungulia, wakasema amekwisha, wanangoja jamaa afungue. Kumbe jamaa mwenyewe ni wewe?"

"Wanasema ni mimi."

"Naitwa Mama Havijawa."

"Zamoyoni."

Tukapeana mikono kama watu waliokutana siku hiyo. Kisha nikasema hodi, na mlango ukafunguka.

Alikuwa kwenye kiti, karibu na dirisha. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na alikuwa na ndevu. Miaka yote ile sikujua kama ana ndevu. Nilimtazama kwa muda mrefu, nikingoja kitu kije kifuani. Hakikuja. Nikamvua kofia kwa sababu ilikuwa imeinama upande.

*

Binti yake alifika kesho yake na treni ya Tabora. Nyamizi, mwanamke mnene mwenye sauti nzito kama ya baba yake, macho makavu. Aliniuliza kama nilimfahamu marehemu.

"Nilikuwa mtani wake."

"Aa." Akanitazama upya. "Alikuwa na mtani huku?"

"Kila asubuhi."

"Mimi nilimpigia sikukuu kwa sikukuu," akasema.

Makaburini watu wa mtaa walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Yule wa mswaki alikuja, mdomo wake umefungwa, nikachelewa kumtambua. Dada wa viatu vya shule alikuja. Walisimama wametenganatengana kama miti ya kupandwa, maana hakuna aliyejua asimame na nani. Mama Havijawa akanikanyaga mguu.

"Wewe si mtani? Fanya kazi yako. Watu wamenuna kama wamekuja kulipa kodi."

Nikavaa kofia ya marehemu. Nikaenda nikalala chali mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu hapa!" nikasema. "Huyu mzee ana deni la ndizi zangu! Tena nani amewaambia amekufa? Mnyamwezi hafi, anatua mzigo apumzike!"

Wabebaji wakasimama. Mmoja, kijana wa mjini, akatazama huku na huku akitafuta wa kunikamata. Mama Havijawa akaangua kicheko. Nikainuka, nikainamisha kofia upande, nikashika kikombe kisichokuwepo, nikaita kwa sauti yake: "Mluguru! Leo mguu upi? Mrefu au mfupi?" Nikajibu kwa sauti yangu. Nikauliza tena kwa yake. Sauti yake ilitoka kwangu bila kunisumbua, kama nguo iliyokuwa imening'inia tayari. Yule wa mswaki alicheka mpaka akashika magoti. Kisha nikasikia Nyamizi anacheka, na kicheko chake kikavunjika katikati kikawa kilio, akalia kwa namna ambayo nadhani alikuwa hajalia tangu treni iondoke Tabora.

Akanitupia kitenge chake begani. "Chukua, mtani. Haki yako. Sasa mwache baba apite."

Nikampisha.

Watu waliniambia baadaye kwamba nilifanya vizuri. Huenda. Mimi wakati wote ule nilikuwa nasikia vidole vyangu tu, jinsi visivyosikia.

*

Siku chache baadaye nilishuka kichochoro na milango ikanyamaza.

"Za asubuhi?" nikamwambia yule wa mswaki. Sasa nilimjua jina, Bwana Dimoso; tulikaa benchi moja matangani.

"Salama," akajibu. Kisha akainua macho kwenye kidude chake cha shaba. Hakikulia. Kidude kisipolia hata mwenye nyumba akiitikia, maana yake aliyesalimia hasikiki: ni sauti iliyofungwa, ya mwizi au ya mtu mwenye kesi. Bwana Dimoso akarudisha mswaki mdomoni. Macho yake yaliniomba nipite upesi.

Nikapita. Dada wa viatu vya shule alijifanya anafunga kamba. Nilitembea kichochoro kizima nikisikia viatu vyangu mwenyewe, na nikagundua kwamba sikuwahi kuvisikia kabla ya hapo. Ghalani sikusema neno. Jioni niliporudi sikusema neno. Nilipofika chumbani nilijisalimia kwa sauti ili nijue kama koo bado linafanya kazi. Kidude cha mlangoni kwangu hakikulia.

Asubuhi iliyofuata Mama Havijawa alinikuta kwenye ngazi, akanivuta nyuma ya ukuta pasipo na mlango.

"Binti wa marehemu amesikiliza maneno ya mwisho ya baba yake," akanong'ona. "Kidude huyatunza. Mwanangu, ulimwambia nini yule mzee?"

*

Ofisi ya mtaa ilinukia rangi mpya. Bwana Semkiwa, afisa wa jamaa wa njia, alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kusawazisha vitu mezani. Nyamizi aliketi karibu na dirisha. Mama Havijawa alikuja kama shahidi na akaja na maandazi.

"Nitawasikilizisha," Bwana Semkiwa akasema.

Nilijisikia nikisema maneno yale. *Kufa mapema basi. Wali wa matanga ukipoa hauliki.* Ofisini yalisikika kama ya mtu mwingine, mtu mwenye haraka. Kisha kicheko chake, kisha changu, kisha tiki, kisha viatu vyangu vikishuka ngazi. Yeye aliendelea kucheka baada ya mimi kuondoka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikombe kikawekwa chini. "Mluguru huyu!" akasema. Halafu pumzi zake, ndefu, zikikwaruza. Halafu kiti.

Bwana Semkiwa akazima.

"Nieleze kitaalamu kidogo," akasema, akiisawazisha kalamu. "Kiitikio hupima pumzi ya anayejibu, na uzito wa sauti yake. Asubuhi ile kiligundua pumzi imeharibika. Kilikuwa tayari kuita gari. Lakini kidude hakijui mzaha na ukweli, kwa hiyo kimefundishwa kumtegemea anayejua: jamaa wa njia. Jamaa akishtuka, gari linaitwa. Jamaa akicheka, kidude kinatulia."

"Kwa hiyo kilimsikiliza yeye," Nyamizi akasema.

"Kilimsikiliza yeye."

"Baba alisema anakufa. Alisema kwa Kiswahili. Na huyu akacheka, gari halikuja."

"Alikuwa akisema hivyo mara nyingi," nikasema.

"Siku hiyo alikuwa anakuomba msaada."

"Huenda."

"Huenda?"

"Sijui, dada Nyamizi. Na wewe hujui."

Akageuza uso. Sikumchukia, alikuwa na haki ya kila alichokisema. Nilijaribu kumwonea huruma nikaikuta huruma ipo, mahali pake, safi, haifanyi kazi.

"Mimi ni Mnyamwezi," akasema hatimaye. "Utani naujua. Nimekupa kitenge changu mwenyewe. Lakini utani una mpaka. Mtu akiwa anakufa kweli, utani unasimama."

"Angeniambia kwamba ni kweli."

"Alikuambia!"

Mama Havijawa akaweka andazi mbele ya kila mtu, kama vile andazi lingeziba mlango wa maneno. Hakuna aliyegusa.

"Tusifike mbali," Bwana Semkiwa akasema. "Hakuna anayetaka kukufunga, Zamoyoni. Kanuni inataka kitu kimoja: tamko la radhi. Sentensi moja. Unalisema hapa, linasikika jioni kwenye milango yote ya mtaa, na kosa linaandikwa kuwa la mtu, si la kidude. Sauti yako inafunguliwa kesho asubuhi. Bibi huyu anarudi kwao ameridhika."

"Nisipolisema?"

"Sauti yako inabaki imefungwa. Mtaa huu, na mingine yote. Na mafundi watakifundisha kidude kwamba neno kufa ni neno kufa, hata kwa watani. Anayelitania mlangoni, sauti yake inafungwa hapohapo."

"Na nikilisema?"

Akasitasita. "Hilo watalifanya pia, nadhani. Watasema hata mtani mwenyewe amekiri."

"Basi sema tu, mwanangu," Mama Havijawa akanisihi. "Neno halivunji mfupa. Sema, twende nyumbani. Mimi nitasalimiana na nani asubuhi? Dimoso ananitemea povu la mswaki. Yule wa viatu hana hadithi. Sema, Zamo."

Hakuna aliyewahi kuniita Zamo mtaani pale. Lilinigonga mahali, nikasikia maumivu madogo, kama kidole kinachoanza kupata moto baada ya ghala. Nikafikiria kichochoro. Nikafikiria kukishuka kila siku, mwaka hadi mwaka, watu wakiinamia kamba za viatu. Nilikuwa sina kitu kingine. Wengine wana mume, wana kanisa, wana ndugu wa kugombana nao. Mimi nilikuwa na za asubuhi na salama, na mvua hiyo, na mguu upi leo.

"Bwana Semkiwa," nikasema, "umewahi kumwomba mtani radhi?"

"Mimi? Hapana. Haiombwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Akatazama kalamu yake. "Kwa sababu ukimwomba radhi, hakuwa mtani."

"Alikuwa nani?"

Nyamizi ndiye aliyejibu, polepole, bado akitazama nje: "Mtu tu. Mtu uliyemtukana."

"Ndiyo," nikasema.

Akageuka, tukatazamana. Alikuwa amenielewa, na kunielewa kulimwongezea hasira. Niliona zote mbili zikikaa usoni mwake bila kusukumana.

"Hata hivyo nataka uombe," akasema. "Mimi nilimpigia sikukuu kwa sikukuu. Mtu mmoja lazima aombe radhi kwa mzee yule, na yeye hawezi tena kunisikia mimi."

"Basi omba wewe."

"Zamoyoni!" Mama Havijawa akanipiga begani.

Machozi yalimtoka Nyamizi bila uso wake kubadilika. Bwana Semkiwa akasogeza kinasa sauti katikati ya meza, akakinyoosha kilingane na ukingo, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka.

"Sentensi moja," akasema kwa upole. "Taja jina lako kwanza."

Nikasogea karibu ili isikike vizuri.

"Naitwa Zamoyoni Mloka. Mihambo Kapalata alikuwa mtani wangu. Aliniambia anakufa, nikamwambia afe mapema, akacheka. Siombi radhi."